Wageni Walio Ndani ya Kuyu

Mazungumzo ya redio. Masomo: Amosi 7:10–15, Luka 19:1–10.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kiumbe kidogo mno, ambaye ukimweka kando ya punje ya mtama, punje itamshinda kwa ukubwa. Lakini pasipo yeye, mti mmoja mkubwa kuliko karibu yote ya nchi yetu usingezaa hata mbegu moja.

Kila anayeishi karibu na mto katika nchi ya chini, kule Mbeere au Tharaka, anaujua mkuyu. Wenyeji huuita mukuyu. Shina lake ni nene, gome lake lina umanjano, na kivuli chake huwatosha mbuzi wote wa boma moja na wachungaji wao. Watoto huchuma tunda lake, hulipasua, hulipuliza, ndipo hula. Kwa nini hulipuliza? Kwa sababu ndani mna wadudu. Na mtu mzima aliyezoea matunda ya sokoni akiwaona wadudu wale husema, "Tunda hili limeharibika," akalitupa. Basi swali letu ni hilo: je, limeharibika kweli?

Kabla ya kulipasua kuyu yatupasa kujua kwanza nundu ya mti ni nini. Bila shaka mmewahi kuona jani lenye vivimbe, kama kwamba limeota chunusi. Wenye mikaratusi wanavijua vizuri. Mwaka 2002 huko magharibi ya Kenya palionekana mdudu mgeni aliyetoka Australia, ambaye wataalamu humwita Leptocybe invasa, naye akaenea katika mashamba ya mikaratusi. Yeye ni nyigu, lakini ni mdogo sana, urefu wake wapata milimita moja tu na kidogo. Hutaga mayai katika mshipa wa jani changa na katika kikonyo chake, na pale palipoingia yai huota nundu. Jani hujikunja, mche hudumaa. Huko Uingereza nako, waridi wa mwituni huonekana na donge lenye nywele nyekundu. Nalo ni kazi ya nyigu mwingine.

Sasa, jambo la kushangaza ni hili. Mdudu hajengi nundu ile. Hana udongo, hana nta, wala hana mikono ya kujengea. Mama hutia yai pamoja na tone la maji ya mwili wake, na baadaye buu naye huanza kula. Na mti wenyewe, kwa kuamriwa na vitu hivyo, huanza kuotesha nyama yake kwa namna usiyoizoea. Hufanya ukuta kwa nje, na kwa ndani hufanya chakula laini chenye afya. Mti humjengea nyumba mtoto asiye wake, tena humlisha. Nyumba ya mikaratusi mwenye shamba haipendi, na ana haki, maana mti haupati kitu chochote kwa malipo.

Lakini si kila nyumba ya namna hii ni ya hasara. Hapo ndipo tunaporudi kwa mkuyu.

Kuyu si tunda kama embe lilivyo tunda. Ni mfuko uliofungwa, na ndani ya mfuko yamo maua mamia kwa mamia, madogo, yote yakitazamana katika giza. Ndiyo maana hakuna mtu aliyepata kuuona mkuyu ukichanua. Unachanua kwa ndani. Nyuki hawezi kuingia, kipepeo hawezi. Iko njia moja tu, tundu dogo kwenye ncha ya kuyu, nalo limezibwa na magamba yaliyobanana kama vigae.

Kwa tundu hilo huingia nyigu wa mkuyu, jike, ambaye jina lake la kitaalamu ni Ceratosolen arabicus. Hujisukuma kwa kichwa, na njia ni nyembamba hata mara nyingi mabawa yake hukatika yakabaki pale mlangoni. Hatoki tena. Kifuani mwake ana vijifuko viwili, na ndani ya vijifuko hivyo amebeba chavua, yaani unga wa maua, alioukusanya katika kuyu alimozaliwa. Huenda kutoka ua hadi ua. Huchoma ua moja na kutaga yai moja ndani ya chumba cha mbegu, na huku akitaga, huutoa ule unga kwa miguu yake na kuupaka maua. Hao si wadudu wanaobeba unga kwa bahati, kama nyuki anavyoondoka na vumbi mgongoni. Huyu huuchukua kwa kusudi na kuupanda kwa kusudi. Wataalamu wawili wa Israeli, Galil na Eisikowitch, ndio waliochunguza habari hizi katika mikuyu ya Afrika Mashariki, wakaziandika mwaka 1968 na miaka iliyofuata.

Basi maua yaliyotiwa yai huwa nundu. Chumba kilichokuwa cha mbegu huvimba, na buu mmoja hukaa humo akila. Maua mengine, hasa yale ambayo shingo zao ni ndefu hata mkia wa kutagia usifike chini, hupata unga tu bila yai, nayo huwa mbegu. Kwa hiyo katika kuyu moja mna nyumba za wageni na watoto wa mwenyewe, wakikua pamoja.

Baada ya majuma kadhaa huamka kwanza madume. Dume hana mabawa, wala hatauona mwanga wa jua isipokuwa kwa nukta chache. Hutoboa nundu yake, hutambaa gizani akitafuta nundu zenye majike, huwapandisha wakiwa bado ndani. Kisha madume hukusanyika, wakachimba njia kutoka ndani mpaka nje ya ukuta wa kuyu, wakafa. Njia hiyo si yao. Majike hutoka katika nundu, hujaza vijifuko vyao unga kutoka maua ya kiume yaliyokomaa wakati ule ule, hupita katika njia waliyochimbiwa, huruka. Jike ana siku moja au mbili tu za kuishi, na katika siku hizo yampasa kupata mkuyu mwingine ambao makuyu yake yako tayari kupokea. Wakisha kutoka ndipo kuyu hulainika na kuwa tamu, na tumbili, popo, hondohondo na njiwa wa kijani huja kula na kuzitapanya mbegu.

Sikilizeni tena mpangilio huo: utamu huja baada ya wageni kuondoka. Wale utakaowakuta katika kuyu mbivu mara nyingi ni mizoga ya madume, na majike waliochelewa, na wadudu wengine walioingia baadaye kwa ile njia iliyochimbwa. Kwa hiyo mtoto anayepuliza kuyu lake anajua kazi yake. Tunda halikuharibika. Kama wadudu wale wasingeingia, mti ungeliangusha kuyu likiwa bichi, kwa kawaida.

Lakini tusifanye habari hii kuwa nzuri kuliko ilivyo. Katika mikuyu yetu ya Afrika yuko nyigu wa pili, wa ukoo ule ule, aitwaye Ceratosolen galili. Huingia kwa tundu lile lile. Hupoteza mabawa vilevile. Hutaga mayai vilevile, na nundu huota vilevile. Tofauti ni moja: haleti unga. Kuyu lililoingiwa na huyo peke yake hujaa nundu, wala halina mbegu. Mti humlea kama unavyomlea yule mwema, maana mlangoni wote wawili hufanana, na mti hauna macho.

Hapa wengi wenu mtakuwa mmeukumbuka mfano wa Bwana katika Mathayo 13, wa magugu katika shamba la ngano, na jinsi watumishi walivyotaka kuyang'oa mara moja, mwenye shamba akawazuia. Hatutaki kuulazimisha mfano. Magugu yale yalipandwa na adui. Huyu nyigu hakupandwa na mtu. Lakini katika jambo moja mkuyu unalifafanua neno lile kwa namna ambayo mkulima wa Embu aweza kuishika mkononi: tundu linalomwingiza mlaghai ni tundu lilo hilo linalomwingiza mwenye kuleta uhai. Mti ukilifunga kwa mmoja, umelifunga kwa wote wawili. Naye mwenye shamba akisema, "Nitapulizia dawa makuyu yote ili yasiwe na wadudu," atapata makuyu yasiyo na wadudu, yamelala chini, mabichi.

Sasa tutoke kwetu twende nchi za Biblia, maana mkuyu ulifika huko kabla ya Ibrahimu. Asili ya mti huu ni Afrika yetu hii. Wamisri wa kale waliupanda, wakala matunda yake, wakachonga majeneza kwa mbao zake. Kutoka Misri ulienea Kanaani. Daudi aliweka mtu maalum wa kusimamia mizeituni na mikuyu yake, nalo jina lake limo katika 1 Nyakati 27:28, Baal-hanani. Na mwandishi wa Wafalme alipotaka kusema kwamba Sulemani aliifanya mierezi kuwa mingi, aliilinganisha na mikuyu ya nchi ya chini, kwa sababu kila mtu alijua jinsi ilivyokuwa tele.

Lakini mti ulipochukuliwa, mdudu wake mwema hakuenda nao akaishi huko. Huko Misri na Israeli hayupo. Aliyefika ni nyigu mwingine, Sycophaga sycomori, ambaye hata huku kwetu tunaye. Huyo huingia katika kuyu, hutaga, hufanya nundu tele, wala hatii unga. Kwa hiyo mikuyu ya nchi zile ilikuwa na matunda pasipo mbegu. Kila mkuyu uliosimama Yudea ulipandwa na mkono wa mtu, kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini. Hata ule alioupanda Zakayo pale Yeriko, alipokuwa mfupi na umati ulikuwa mrefu, kuna mtu aliyeutia ardhini kabla yake, ambaye hatulijui jina lake.

Na kulikuwa na taabu nyingine. Kuyu likiachwa mpaka nyigu wale wakomae, watu hawalipendi kula, limejaa wadudu. Basi wakulima wa kale waligundua hila. Walipanda mtini na kisu kidogo, wakalikwaruza au kulichanja kila kuyu likiwa bado changa. Jeraha lile hulifanya kuyu litoe hewa iitwayo ethilini, ndiyo ile ile inayoivisha ndizi zilizofunikwa, na katika siku tatu au nne kuyu huvimba na kuwa tamu, kabla mabuu hawajapata nafasi ya kuwa nyigu. Galil aliiandika kazi hii pia mwaka 1968, na hata katika karne ya ishirini ilikuwa ingali ikifanywa Misri na Kipro.

Mkiisha kulijua hilo, fungueni Amosi 7. Amazia, kuhani wa Betheli, anamfukuza nabii, anamwambia aende akale mkate wake Yuda. Amosi anajibu kwamba yeye hakuwa nabii wala mwana wa nabii. Alikuwa mtu wa mifugo na mtunza mikuyu. Twaweza kusoma neno hilo haraka na kudhani alikuwa na bustani, akikaa kivulini. Lakini wafasiri wa kale waliotafsiri Agano la Kale kwa Kiyunani walichagua neno la kuchanja, na wanazuoni wengi hukubaliana nao. Kazi yake ilikuwa ya kisu. Kuyu moja, kisha jingine, maelfu, juu ya mti, mara nyingi kwa mwaka, kwa sababu mkuyu huzaa tena na tena. Tena Tekoa, kwao Amosi, ni mlimani. Mikuyu haistawi huko. Ilimpasa kushuka mpaka nchi ya joto, kama mtu wa Kigari anavyoshuka Mbeere, au mtu wa Nkubu anavyoshuka Tharaka, akae huko siku za kazi, kisha apande kurudi. Watu wa Betheli walimwona kuwa kibarua. Naye hakukana.

Na hapa yafaa tumtazame Amosi vizuri. Kazi yake ilikuwa kuliwahi kuyu kabla ya kilicho ndani yake hakijakomaa. Kwa nje kuyu lilikuwa zuri, la kijani, limenona. Yeye alijua mna nini. Ndiye aliyetumwa kwa Israeli wakati wa Yeroboamu wa pili, siku za nyumba za pembe na vitanda vya anasa, taifa likiwa limenona kwa nje. Hatusemi kwamba Amosi mwenyewe aliyafananisha mambo hayo, hakuandika hivyo. Mfano alioonyeshwa, katika mlango wa nane, ni kikapu cha matunda ya wakati wa hari. Lakini mikono ina kumbukumbu yake.

Turudi nyumbani, kwenye mito ya Thuci, Ena, Mutonga na Kathita. Mikuyu inakatwa. Inakatwa kwa mkaa, inakatwa ili shamba lifike ukingoni mwa maji, na mara nyingi mahali pake hupandwa mikaratusi, kwa sababu mikaratusi hukua upesi na nguzo zina bei. Isaya 9:10 inawataja watu waliokatiwa mikuyu wakajisifu kwamba wataweka mierezi mahali pake. Na mwerezi ni mti bora wa mbao, bila shaka. Hatuwalaumu wenye watoto wa kusomesha. Mkaratusi katika mahali pake ni mti wa faida. Lakini kando ya chemchemi si mahali pake, na mwaka 2009 serikali yenyewe iliamuru ing'olewe kando ya mito na katika maeneo ya maji.

Hasara ya kukata mkuyu ni kubwa kuliko mti mmoja, na sababu yake ni yule mdudu. Kumbukeni, jike huishi siku moja au mbili. Ili nyigu waendelee kuwapo, lazima wakati wowote wa mwaka kuwe na mkuyu mahali fulani wenye makuyu ya kupokea. Ndiyo maana mikuyu haizai yote pamoja kama miembe. Huu leo, ule mwezi ujao. Wadudu hawa huchukuliwa na upepo mbali sana. Huko Namibia, jangwani, wataalamu walichunguza mikuyu kando ya mto mkavu, wakaandika mwaka 2009 kwamba unga ulikuwa umesafirishwa na nyigu mpaka kilomita 160 hivi, nao ni mwendo mrefu kuliko kutoka Embu hadi Nairobi. Lakini anayefika ni mmoja kati ya wengi mno wanaokufa njiani. Kila mkuyu unaoanguka unaufanya mwezi mmoja wa mwaka kuwa mtupu. Mkibakiza mti mmoja wa kupendeza pale kivukoni na kukata mingine yote, mmebakiza mkuyu wa Zakayo: una kivuli, huenda una na nundu, lakini mbegu ni ya shida.

Juu mlimani ndugu yake ni mugumo, ambao nao una nyigu wake wa namna nyingine. Tunajua kwamba neno hilo lina uzito katika makanisa yetu. Wazee wa Embu na Meru waliuheshimu kama mahali pa sala na dhabihu, na katika nchi za kuuzunguka Mlima Kenya wako Wakristo wa kwanza walioukata ili kuonyesha kwamba hawaogopi tena. Tunaielewa imani yao, maana waliyoyaacha hayakuwa mepesi. Lakini leo hii kijana Mkristo anayeutia shoka mugumo kwa sababu tu babu waliabudu chini yake, yafaa aulizwe kama mti ulikuwa na kosa gani. Zakayo alishuka kutoka mkuyuni, na hatusomi kwamba Bwana aliamuru ukatwe.

Wanaotaka kupanda mkuyu, wakati mzuri ni mvua zinapoanza, mwezi wa tatu au wa kumi. Njia iliyo rahisi ni kama ya Yudea: kata tawi nene kama mkono, lichimbie, lilinde na mbuzi, litaota. Lakini mkiweza, otesheni na mbegu pia, chukueni mbegu kutoka makuyu ya miti mbalimbali, maana tawi huzaa mti ule ule mmoja, na miti ya mbegu hutofautiana, hata katika majira ya kuzaa. Na walimu wa shule ya Jumapili walio karibu na mto, juma hili waende na watoto na kisu. Wachague kuyu lililoanza tu kulainika, walipasue katikati. Chembe ngumu zenye rangi ya manjano ni mbegu. Vile vijichupa vitupu, kila kimoja na kitundu chake, ni nundu, na katika kila kimoja alilelewa mmoja. Watoto wahesabu vyote viwili.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasoma Amosi mlango wa nane. Kwaherini.